BARABARA NAYO IPIGE HODI

Katika visiwa vyetu hivi hakuna mtoto asiyefunzwa kupiga hodi. Mtu huja mlangoni, husimama nje, hubisha, hungoja. Akijibiwa "Karibu" huingia. Na asipojibiwa mara ya tatu hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Tajiri hupiga hodi kwa maskini, na mkubwa hupiga hodi kwa mdogo. Mmoja tu ndiye aingiaye majumbani mwetu, makondeni mwetu na makaburini mwetu pasi na kubisha mlango, naye ni barabara.

Barabara haibishi. Alfajiri moja wenyeji huamka wakakuta vigingi vimepigwa katikati ya mihogo na alama ya X imepakwa rangi nyekundu ukutani. Wakiuliza huambiwa: "Imeshapangwa." Imepangwa na nani? Imepangwa wapi? Imepangwa lini, na sisi tulikuwa wapi? Hapana ajibuye. Mwenye brashi ya rangi si mwenye amri, na mwenye amri hajapata kuonekana na mwanakijiji hata mmoja.

Juu ya jambo hili ndipo tulipotaka kusema leo, na twaomba wasomaji wetu watusikilize mpaka mwisho, wawe wanakubaliana nasi katika mengine au hawakubaliani. Kwani barabara haiulizi mtu kadi ya chama kabla ya kumvunjia nyumba yake.

HATUPINGI BARABARA

Twalisema hili mapema ili asije mtu akatusingizia. Sisi hatupingi barabara. Ni nani mwenye akili zake atakayeipinga? Mama mwenye uchungu wa kuzaa, aliye mbali na hospitali, anaijua thamani ya njia njema kuliko waziri yeyote. Mvuvi wa Nungwi, ambaye samaki wake wasipofika sokoni kabla ya jua kuwa kali hupoteza bei, anaijua. Mkulima wa karafuu wa Pemba, ambaye huogopa mvua isimkute na karafuu mbichi njiani, anaijua. Watu hawa wamekula vumbi la kiangazi na tope la masika miaka mingi, na wana haki ya kupata njia iliyo bora kabisa.

Kwa hivyo hatubishani juu ya kuwa na barabara au kutokuwa nayo. Tunabishania barabara ya namna gani, nani aichore, na nani aulizwe kabla haijachorwa. Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Barabara ni mgeni. Ikija kwa adabu, ikaangalia nyumba ilivyokaa, ikapita pale ilipoelekezwa, mwenyeji atapona kweli. Ikija kwa kiburi, mwenyeji ndiye atakayeugua, naye mgeni huyo haondoki siku ya tatu wala mwaka wa thelathini.

KITANDA USICHOKILALIA

Tulikuwapo siku moja katika kijiji cha shamba, ambacho hatutakitaja jina, walipofika vijana wa kupima. Waliweka chombo chao cha miguu mitatu kando ya njia wakawa wanachungulia. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani kwake aliwatazama kwa muda, kisha akamwita yule aliyekuwa karibu naye.

"Mwanangu, mnatafuta nini hapo?"

"Shikamoo, mzee. Tunapima barabara. Itapita hapa bondeni, iende moja kwa moja mpaka kule juu."

"Marahaba. Na masika itapita wapi?"

Kijana akacheka kwa adabu, akasema ramani imeshatoka, yeye kazi yake ni kupima tu. Mzee hakukasirika. Alinyoosha mkono akaonyesha shina la mnazi lililokuwa na alama ya tope kavu, kiasi cha kiuno cha mtu mzima. "Maji hufika hapo," alisema. "Si kila mwaka. Lakini yakija, hufika hapo."

Ndugu wasomaji, zingatieni neno hilo. Alama ile ya tope haikuwamo katika ramani. Haikuwamo kwa sababu aliyeichora ramani hakupata kumuuliza mtu aliyekwisha kuona masika sitini katika bonde lile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hatusemi kwamba ilimu ya yule kijana si kitu. Twaiheshimu, na twataka watoto wetu waipate kwa wingi. Tunasema kwamba ilimu ya chombo cha miguu mitatu na ilimu ya mzee wa barazani ni nusu mbili za kitu kimoja, na mwenye kuchora kwa nusu moja atajenga nusu barabara kwa fedha kamili.

KISIWA SI BARA

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, kwani hatutaki kuambiwa kwamba tunalalama tu bila ya kujua kazi za watu.

Kazi ya kuchora barabara huanza na tarakimu moja, nayo ni mwendo. Kwanza huamuliwa gari zitakwenda kilomita ngapi kwa saa. Mengine yote hufuata nyuma yake kama mkia: upana wa njia, ukali wa kona, urefu wa mteremko, miti ya kukatwa na nyumba za kuvunjwa. Na hesabu yake ni kali. Mwendo ukizidishwa mara mbili, kona hutaka nafasi mara nne. Kona ambayo kwa kilomita 40 ilipita salama baina ya msikiti na mwembe, kwa kilomita 80 haipiti ila juu ya kimoja wapo.

Hapa ndipo penye siri kubwa ambayo raia hawaambiwi. Hujibiwa kwamba nyumba ya fulani haina budi kuvunjwa kwa sababu "ilimu ya barabara inataka hivyo." La hasha! Ilimu haikutaka hivyo. Ilimu hujibu swali lililoulizwa. Ukiiuliza njia ya kilomita 80 itakupa nyuzi iliyonyooka. Ukiiuliza njia ya kilomita 50 itakupa njia inayojua kuzunguka mti. Aliyechagua 80 badala ya 50 ni mtu, si ilimu, na jambo linalochaguliwa na mtu kwa niaba ya watu wote ni jambo la siasa. Basi na lijadiliwe kama mambo ya siasa yajadiliwavyo: hadharani.

Tufanye hesabu pamoja. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na pale ilipo pana kabisa haifiki kilomita 40. Chukua safari ya kilomita 30. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa utafika kwa dakika 30. Kwa mwendo wa 80 utafika kwa dakika 22 na nusu. Faida yako ni dakika 7 na nusu. Kwa dakika 7 na nusu, je, tuwakate vijiji vyetu mapande mawili? Katika nchi za bara, ambako mtu hutembea kutwa nzima asifike mpakani, pengine hesabu hiyo ina maana. Kwetu sisi, mwenye gari atazipoteza dakika zile zile saba akitafuta pa kuegesha Darajani.

Na kuna upande wa pili wa mizani. Shirika la Afya Duniani latwambia kwamba mwendo wa wastani wa magari ukipanda kwa asilimia 1, ajali za kuua hupanda kwa kiasi cha asilimia 4. Wanaouliwa si wenye gari peke yao. Ni mtoto wa chuoni aliyebeba juzuu yake, ni mama mwenye ndoo kichwani, ni mzee mwenye baskeli na mzigo wa kuni. Kijiji chetu hakikujengwa upande mmoja wa njia. Nyumba iko huku, kisima kiko kule. Msikiti huku, skuli kule. Konde huku, pwani kule. Kila siku ya Mungu watu huvuka. Barabara inayochorwa kana kwamba hakuna avukaye imechorwa kwa ajili ya nchi isiyokuwa na watu.

MAJI HAYASOMI RAMANI

Nchi yenyewe nayo si ya namna moja. Unguja, upande wa magharibi, kuna udongo mzito ulioota minazi na mikarafuu. Upande wa mashariki ni uwanda, jiwe la matumbawe, ambako mvua hunyesha na maji huzama papo hapo. Pemba ni vilima na mabonde tangu kaskazini mpaka kusini, na mabondeni ndiko uliko mpunga wetu. Mchoro mmoja hauwezi kuzifaa nchi tatu hizi, kama vile kanzu moja isivyoweza kuwafaa ndugu watatu.

Barabara ikikata bonde kwa tuta, tuta lile huwa boma la maji. Kalvati zikiwa chache au nyembamba, juu ya barabara hugharikika na chini yake hukauka. Ndugu wawili wenye viwanja vya mpunga katika bonde moja, mmoja atapoteza mbegu kwa maji mengi, na mwingine ataipoteza kwa kukosa maji, na wote wawili walikuwa wakilishana kwa bonde lile tangu enzi za babu zao. Kisha masika mazito yatakuja, maji yatatafuta njia yao ya zamani, yataipata, na lami iliyotandazwa kwa mkopo wa miaka mingi itakwenda baharini kwa usiku mmoja. Mkopo hautakwenda nayo. Mkopo tutabaki nao.

Njia nyingi za wazee wetu zilipita juu ya migongo ya vilima, zikipinda pale kilima kilipopinda. Watu wa leo huzicheka kona zile wakadhani ni ujinga wa waliokosa mashine. Walikosa mashine, ndiyo, hawakukosa macho. Vile vile waliopanda miembe kando ya njia ya Bungi katika karne ya 19, ambayo mapokeo yanamtaja Bi Khole bint Said kuwa ndiye aliyeamuru ipandwe, walijua jambo ambalo vitabu vya leo vimelirudia kwa maneno mazito: kwamba katika nchi ya jua njia isiyo na kivuli haikukamilika.

KIMA WA JOZANI ATOA USHAHIDI

Watatuuliza: "Mnayoyataka yanawezekana?" Shahidi tunaye, naye ni kima.

Njia iendayo kusini na mashariki ya Unguja hupita pembezoni mwa msitu wa Jozani. Huko anaishi kima punju, ambaye hapatikani pengine popote duniani ila katika visiwa vyetu. Kima yule huvuka njia kutoka msituni kwenda makondeni na kurudi, kwani hapo ndipo malisho yake yalipo. Hakuna aliyemwambia kwamba nchi yake imekatwa. Njia ilipokuwa njema na magari yakaongeza mwendo, akawa anauliwa ovyo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa wanyama walihesabu vifo vile, wakasema neno lao, na yakawekwa matuta manne tu ya kupunguza mwendo. Vifo vikapungua kwa nusu na zaidi. Barabara haikuhamishwa, magari hayakukatazwa, na watalii walizidi kumiminika. Mwaka 2004 msitu ule ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka.

Sisi twafurahi kwa ajili ya kima. Lakini twauliza, na twataka jibu: ikiwa kima amehesabiwa, akasikilizwa, akawekewa matuta, mtoto wa chuoni kijiji cha pili amekosa nini? Ni lazima naye ageuke kima ndipo apate kuhesabiwa? Tumeona wanakijiji wakiomba tuta moja mbele ya skuli, wakaambiwa tuta linaharibu barabara. Barabara haiharibiwi na tuta. Inaharibiwa na maiti ya mtoto juu yake.

MJI ULIOCHORWA MARA NNE

Tukija Mjini, mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Katika karne moja mji wetu ulichorwa mara nne. Mwaka 1923 aliuchora Lanchester, Muingereza. Mwaka 1958 wakauchora Kendall na Mill. Mwaka 1968 ulichorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na mwaka 1982 na wataalamu wa China. Waliwakilisha dola mbali mbali na itikadi mbali mbali, lakini kalamu zao zilikuwa na tabia moja: zilipofika Ng'ambo, ambako wananchi walio wengi ndiko waliko, zilijiona zimefika mahali pa kuchorwa upya.

Tazama Michenzani. Mpango wa mwaka 1968 ulipiga mistari miwili mipana katika moyo wa Ng'ambo, mistari ikakutana, na kandokando yake yakapandishwa majumba marefu ya ghorofa. Hatusemi kwamba waliohamia humo hawakupata umeme na maji. Walipata, na ilikuwa haki yao. Tunasema kwamba nyumba za udongo zilizovunjwa zilikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa katika hesabu ya gharama, nacho ni baraza. Baraza ndipo mtoto alipolelewa na mtaa mzima, ndipo msiba uliposikiwa kabla ya kutangazwa, ndipo mzee alipopewa kahawa bila ya kuomba. Barabara pana haina baraza. Ina ukingo tu, na ukingoni hakukaliki.

Tazama na Darajani. Zamani Mji Mkongwe na Ng'ambo vilitengwa na hori ya maji ya chumvi. Watu walivuka kwa daraja, ndipo mahali pale pakaitwa Darajani, na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Hori ilifukiwa na juu yake ikatandazwa barabara kuu. Mtu angedhani kwamba utengano umekwisha. Simama leo pale karibu na soko, lililofunguliwa mwaka 1904, umwangalie bibi mwenye kikapu anayetaka kuvuka. Hutazama kulia, hutazama kushoto, hupiga hatua, hurudi. Hori ya zamani ilikuwa ikijaa na ikipwa. Mto huu wa magari haupwi.

Mji Mkongwe uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo kila atakaye kugusa jiwe lake ana wa kumuuliza. Ni vyema. Lakini Ng'ambo nayo ina urithi wake, na Makunduchi ina wake, na Micheweni ina wake. Ikiwa hodi ipigwe, ipigwe kwenye milango ya nakshi na kwenye milango ya makuti sawasawa.

YALIYOWAPATA WENGINE

Wapo watakaodhani kwamba haya ni mawazo ya watu wa visiwani wasiojua mambo ya ulimwengu. Basi na watazame Marekani, nchi iliyowafundisha wengi namna ya kujenga njia kuu.

Katika mji wa New Orleans kuna mtaa wa kale uitwao Vieux Carré, wenye nyumba za roshani na vichochoro, ambao mtu wa Mji Mkongwe akiuona hatajiona mgeni sana. Katika miaka ya 1960 ilikusudiwa kupitishwa barabara kuu ya juu mbele yake, ukingoni mwa mto. Wakaazi walikataa. Walikuwa na mawakili, walikuwa na magazeti, walikuwa na jamaa wakubwa. Mwaka 1969 serikali ya nchi ile ikaifuta barabara hiyo.

Lakini katika mji huo huo, mtaani Tremé, ilikuwako njia ya Claiborne, yenye safu za mialoni mikubwa, ambako watu weusi walikuwa na maduka yao na mahali pao pa kukutania na kufanyia sherehe. Hawakuwa na mawakili wala jamaa wakubwa. Mwaka 1966 mialoni ile ilikatwa, na badala yake zikasimamishwa nguzo za zege kubeba barabara kuu ya juu. Mji mmoja, miaka ile ile, wachoraji wale wale. Kwa matajiri barabara ilibisha hodi ikaambiwa "Hapana," ikarudi. Kwa maskini ilivunja mlango.

Marekani hiyo hiyo mwaka 1997 ilitoa kitabu rasmi cha kuwahimiza wachora barabara wake watumie insafu: watazame nchi ilivyo, watazame wakaazi walivyo, na wasidhani kwamba kipimo kilichomo katika kitabu ni aya isiyobadilika. Waliokwisha kuvunja wametubu. Je, sisi ambao hatujavunja vyote tungoje tuvunje kwanza ndipo tutubu?

Na karibu yetu, Nairobi, mwaka 2020, mkuyu wenye umri wa miaka mia na zaidi ulisimama katika njia ya barabara mpya ya juu, kando ya Waiyaki Way. Watu walipiga kelele, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa tangazo kwamba mti ule usikatwe. Mti ukabaki, na barabara ikajengwa, ikafunguliwa mwaka 2022. Imedhihiri basi kwamba barabara huweza kuupisha mti ikitakiwa. Lakini sisi hatukutosheka na mfano huo. Mti ule uliokolewa kwa hisani ya mkubwa mmoja, na hisani ya leo yaweza kuwa ghadhabu ya kesho. Sisi hatuombi hisani. Twataka haki iliyoandikwa, ambayo mwanamke wa Kengeja asiyejuana na mkubwa yeyote ataweza kuisimamia.

WATAKAYOSEMA

Watasema: "Kuwauliza watu kutachelewesha maendeleo." Twajibu: kuwauliza watu huchukua miezi, kuijenga tena barabara iliyochukuliwa na maji huchukua miaka, na kuyafufua makaburi yaliyokwisha kutifuliwa hakuwezekani kabisa.

Watasema: "Ni gharama." Twajibu: kona inayokifuata kilima ni rahisi kuliko kukikata kilima. Tuta mbele ya skuli ni rahisi kuliko jeneza. Kivuli cha mwembe uliokwisha kuwapo hakina gharama hata senti moja. Kuukata ndiko kunakolipiwa.

Watasema: "Wenye miti na nyumba hulipwa fidia." Ndipo hasa! Mkarafuu hukaa miaka 6 mpaka 8 kabla ya kuzaa, na ukishazaa huwalisha baba, mwana na mjukuu. Anayelipwa mkarafuu kwa kima cha mche amenyang'anywa, hata akiwa ametia sahihi. Na anayelipwa baada ya nyumba kuvunjwa, akawa anazunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine na karatasi mkononi, hakulipwa fidia. Amekopwa bila ya ridhaa yake.

Watasema mwisho: "Sheria ipo, na ripoti huandikwa." Ni kweli. Sheria ya mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 yataka athari za miradi zipimwe kabla ya kazi kuanza. Lakini ripoti nene iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mkulima, ikafungiwa katika kabati asilolijua, si hodi. Ni kama mtu anayebisha mlango wa nyumba nyingine, kisha akaingia kwako.

TUNAYOYATAKA

Hatutaki kulaumu tu bila ya kuonyesha njia. Twataka haya:

1. Kabla ya ramani kutiwa sahihi, itandikwe chini ya mwembe wa kila kijiji itakachopita, isomwe kwa Kiswahili, na wenyeji watembezwe juu ya ardhi yenyewe, hatua kwa hatua. Mkutano unaoitwa baada ya sahihi ni matangazo, si mashauri.

2. Mwendo wa barabara uamuliwe hadharani. Nje ya vijiji na uwe wa kadiri. Ndani ya vijiji, mbele ya skuli, misikiti na hospitali, usizidi kilomita 30 kwa saa, na njia yenyewe ichorwe hivyo, si kibao peke yake.

3. Wazee wa mabonde waulizwe maji hufika wapi, na kalvati zipimwe kwa masika mazito wanayoyakumbuka, si kwa masika ya wastani.

4. Makaburi, visima, misikiti na miti mikongwe iandikwe katika ramani kabla ya mstari wa kwanza kupigwa. Kwanza njia izunguke. Ikithibitika kwamba haiwezi kuzunguka, wenyewe waambiwe sababu usoni mwao.

5. Fidia ilipwe kabla ya kuvunja, na mti ulipwe kwa kile ambacho ungezaa, si kwa kuni zake.

6. Kila barabara mpya iwe na njia ya waendao kwa miguu na kwa baskeli, mahali salama pa kuvukia, na miti ya kivuli. Walio wengi katika nchi hii hawana gari, nao ndio waliolipia.

Hayo ni mambo sita. Hakuna hata moja linaloshinda uwezo wa nchi yetu, na hakuna hata moja litakalomzuia mama mjamzito kufika hospitali wala karafuu kufika bandarini.

Twamalizia tulikoanzia. Yule mzee wa barazani hakuwafukuza vijana wa kupima. Aliwaagizia madafu, wakanywa, wakamshukuru, wakaenda zao na chombo chao. Watu wetu ndivyo walivyo: hawajapata kumnyima mgeni aliyebisha. Barabara na ije. Isimame nje ya mlango kama asimamavyo mtu mwenye heshima zake, ibishe, ingoje jibu, na iingie kwa pale itakapoelekezwa. Ikipiga hodi, sisi wenyewe ndio tutakaokuwa wa mwanzo kusema: Karibu.